Kabla ya Kukaza Mkanda, Osha Maski

Mimi ni fundi cherehani, na huu ni mwaka wa sita nalala na maski usoni. Kipimo cha usingizi kilionyesha kwamba pumzi yangu inakatika au kufifia mara 38 kila saa, na kuanzia 30 wataalamu huiita hali kali. Nilipoanza kutumia mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa ili njia ya kooni isijifunge mtu akilala, wiki ya kwanza tu niliamka mwepesi kama aliyetuliwa mzigo. Mwezi wa nane uchovu ukarudi. Asubuhi kichwa kinagonga, mchana macho mazito, hadi siku moja nikasinzia mguu ukiwa juu ya pedali, sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole cha shahada.

Niliamini ugonjwa umeishinda mashine. Muuguzi wa kliniki ya usingizi akachomoa kadi, akasoma kumbukumbu za mashine, kisha akaomba nimpe maski. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, akanionyesha kidole kinavyong'aa.

"Mama, unapaka nini usoni kabla ya kulala?"

Mafuta ya mgando, nikamwambia, tangu nikiwa msichana.

"Na hewa ikivuja, unafanya nini?"

Nakaza mkanda. Nilikuwa nimeukaza mpaka ngozi ya juu ya pua ikachubuka.

Kumbe mashine ilikuwa nzima na dozi yangu ya hewa ilikuwa ile ile. Hewa ilikuwa inatoroka pembeni usiku kucha. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja, na naiandika hapa kwa yeyote anayelala na maski au anayemtunza anayelala nayo: ikivuja, kabla hujagusa mkanda, ioshe kwanza.

Mafuta yanavyovujisha hewa

Ukingo laini wa silikoni unaogusa uso haukuundwa kubana. Maski nyingi zina kuta mbili hapo ukingoni: ya ndani inashikilia umbo, ya nje ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu, inajaa hewa na kulala juu ya uso wako. Hewa yenyewe ndiyo inayoubandika ukingo usoni. Na hewa hiyo si nyingi: mashine hizi kwa kawaida husukuma kwa shinikizo la kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Yangu imewekwa 11, sawa na uzito wa maji yaliyojaa kikombe kirefu. Nguvu ndogo namna hiyo inahitaji silikoni safi ikutane na ngozi safi. Ukiweka mafuta katikati, kila ukigeuza kichwa ukingo unateleza, upenyo unatokea, mara nyingi upande wa macho, nawe unaamka macho yamekauka hujui kwa nini.

Ukikaza mkanda unazibana zile kuta mbili pamoja. Ya nje inakosa nafasi ya kujaa hewa, na maski inazidi kuvuja. Ndiyo maana mtu anakaza wiki nzima, uso unaota vidonda, na uvujaji uko palepale.

Mafuta hayo hayatoki kwenye kopo peke yake. Hata asiyepaka kitu, ngozi yake inatoa mafuta na jasho usiku kucha, na siku zikipita silikoni inayanyonya. Hupoteza uangavu, kisha hugeuka njano, inakuwa legelege na kunata. Ikifika hapo hakuna sabuni ya kuirudisha.

Kushikana kwa maski na uso kumekuwa taabu tangu mwanzo wa tiba hii. Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, walipochapisha habari zake mwaka 1981, wagonjwa wao walikuwa 5, na watumiaji wa mwanzo waligandishiwa maski kwa gundi ya silikoni kila usiku. Sisi tumepunguziwa kazi hadi kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni. Nikikumbuka hilo siioni asubuhi yangu kuwa na kazi nyingi.

Kila asubuhi, dakika tatu

Nikiamka, kabla ya chai, nachomoa bomba kwenye maski na kuutoa ukingo kwenye fremu ikiwa unatoka. Naufuta ndani na nje kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu chenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kisha nafuta tena kwa kitambaa cha maji matupu. Nazingatia lile eneo la juu ya pua na mikunjo ya pembeni mwa mdomo, kwani ndiko mafuta yanakojificha. Kitambaa kiwe laini kisichoacha nyuzi. Vipande vya fulana ya pamba iliyochakaa vinafaa kuliko taulo. Taulo huacha manyoya, na manyoya hayo utayavuta puani usiku.

Kama maski yako ni ya vile vijiti laini vinavyokaa kwenye tundu za pua, suuza kila kijiti peke yake na utazame ndani. Makamasi yakikauka mle, hewa inatoka kwa mluzi.

Halafu namwaga maji yaliyobaki kwenye kikasha cha maji cha mashine. Yote. Usiongezee maji mapya juu ya ya jana. Suuza kikasha, kiache wazi kikauke.

Na usiku kabla ya kuivaa, nawa uso kwa sabuni, ukaushe. Mafuta ya ngozi sikuyaacha, nimeyahamishia asubuhi. Ngozi ikiwa kavu sana na lazima upake kitu usiku, paka mapema, kitu chepesi chenye asili ya maji, kiwe kimekwisha kunyonywa kabla ya kuvaa maski. Mafuta ya mgando yasikaribie silikoni kabisa. Wenye ndevu, zisafishwe pia, maana mafuta ya ndevu ni mafuta yale yale.

Siku ya kuosha kila kitu

Mara moja kwa wiki nafungua kila kinachofunguka. Kabla ya mara ya kwanza piga picha kwa simu jinsi vipande vilivyopangana. Vipande vya plastiki vya maski vinafanana, na ukivipachika kinyume vitavuja hata vikiwa safi.

Tumia beseni lisilotumika kwa kazi nyingine. Maji yawe ya uvuguvugu: ukitumbukiza kiwiko cha mkono usistuke. Sabuni iwe ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo kali, isiyo na manukato mazito wala mafuta ya kulainisha mikono. Matone mawili au matatu yanatosha. Sabuni zenye vilainishi huacha utando, na kwa hiyo unaondoa mafuta huku unapaka mengine.

Loweka ukingo, fremu na kile kiungo kilichopinda ambapo bomba linaingia, mimi nakiita kiwiko, kwa dakika kumi hivi. Sugua kwa vidole. Kwenye pembe ambazo kidole hakifiki tumia mswaki laini sana uliotengwa kwa kazi hiyo. Suuza kwa maji yanayotiririka mpaka silikoni ikilie vidoleni. Kelele hiyo ndiyo ishara yangu: silikoni safi inalia ukiisugua ikiwa na maji, yenye mafuta inanyamaza na kuteleza.

Angalia matundu madogo kwenye fremu au kwenye kiwiko. Hayo yamewekwa makusudi. Ndiyo njia ya kutolea hewa uliyoipumua, ili usiivute tena. Usiku mmoja mume wangu, aliyechoka na upepo unaompiga shingoni, aliyaziba kwa plasta akidhani ni ufa. Niligundua nikivaa, kwa sababu sauti ya hewa ilikuwa imebadilika. "Baba Neema, hapa ndipo ninapotolea pumzi," nikamwambia, na akaibandua mara moja. Mweleze kila mtu wa nyumbani jambo hili. Matundu yakiziba kwa uchafu, loweka na usugue kwa mswaki laini. Sindano ndiyo chombo changu cha kila siku, hata hivyo sijawahi kuitia humo, kwa sababu tundu likipanuka kiasi cha hewa kinachotoka kinabadilika na mashine inakosea hesabu.

Wenye maski inayofunika pua na mdomo, tafuteni kile kiulimi kidogo karibu na kiwiko. Ni mlango wa dharura: mashine ikizimika, umeme ukikatika, kinafunguka ili uvute hewa ya chumbani. Kikaguliwe kila unapoosha. Mashine ikiwa imezimwa kiwe wazi, ikiwashwa kijifunge. Kikiganda au kikichanika, maski hiyo isivaliwe.

Anika vipande juu ya kitambaa safi, kivulini, mahali penye hewa. Jua kali linaikausha silikoni na kuipasua. Siviwashii feni inayopuliza vumbi la chumba cha kushonea, navihamishia chumba kingine.

Mikanda ya kichwa

Hapa naomba unisikilize kama fundi, maana watu wengi hutunza silikoni vizuri kisha wanaua mikanda, na mkanda uliolegea unamrudisha mtu kwenye kukaza.

Mkanda huo una vitu vitatu: kitambaa laini, sponji nyembamba ndani yake, na nyuzi za lastiki zinazovutika. Lastiki ina maadui watatu, maji ya moto, jua na mafuta. Mafuta ya nywele yanaingia kisogoni usiku baada ya usiku, na ndiyo yanayofanya mkanda uvutike mpaka mwisho usirudi. Kwa hiyo ufue kila wiki, na kama unapaka nywele mafuta mengi, ufue mara mbili.

Kabla ya kufungua, weka alama ya urefu. Mimi natia mshono mmoja wa kushikiza kwa uzi mwekundu pale mkanda unapokunjwa, pande zote mbili; asiyeshona atumie kalamu ya nguo. Ukirudisha mkanda kwenye alama hutabahatisha. Siku utakapoona unahitaji kupita alama kwa kiasi cha upana wa kidole ili maski itulie, na ukingo ni safi, jua lastiki imechoka.

Funga velkro zote kabla ya kufua. Ile sehemu yenye ndoano ikiachwa wazi inakwaruza kitambaa na kuokota nyuzi, baadaye haishiki. Fua kwa mkono katika maji ya uvuguvugu na sabuni ile ile. Mara za kwanza rangi inaweza kutoka kidogo, kwa hiyo usiuchanganye na vitambaa vyeupe. Ubonyeze kati ya viganja, usiukamue kwa kuuzungusha, kwani mzunguko huo unakata nyuzi za ndani na kuvunja sponji. Ulaze bapa kivulini. Ukiuning'iniza ukiwa umejaa maji, uzito unauvuta ukirefuka upande mmoja. Pasi isiuguse. Velkro yenye nywele na nyuzi ichokolewe kwa ncha ya sindano, hapa sindano inaruhusiwa.

Maski nyingine hufungwa kwa vishikizo vya sumaku. Nilikuwa nikikuta pini zangu zimenasa humo, na pini karibu na jicho la mtu anayelala si jambo dogo, basi sasa maski haiingii kabisa chumba cha kushonea. Kuna hatari nyingine kubwa zaidi: mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au chuma kilichowekwa kichwani au mwilini kwa upasuaji, azungumze na daktari wake kabla ya kuvaa maski yenye sumaku, hata kulala karibu na anayeivaa. Zipo maski zisizo na sumaku.

Bomba na kikasha cha maji

Bomba nalo huoshwa kila wiki. Mimina maji yenye sabuni ndani, ziba ncha zote mbili kwa viganja, litikise huku na huku, mwaga, suuza mara tatu. Lining'inize katikati juu ya fimbo, ncha zote zikitazama chini, lidondoke lenyewe. Likiwa na waya wa kupasha joto, zile ncha za umeme zikauke kabisa kabla ya kulichomeka. Likikawia kukauka, lichomeke kwenye mashine bila maski, kikasha kikiwa hakina maji, washa hewa kwa dakika chache.

Kujua kama limetoboka, ziba ncha moja, zamisha bomba kwenye beseni na upulize ncha ya pili. Mapovu yatakuonyesha tundu. Usilifunge kwa gundi wala utepe, badilisha.

Kikasha cha maji kinataka maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke yakarudishwa kuwa maji, bila chumvi. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi za madini. Maji yakiruka na hewa, chumvi inabaki na kujenga ukoko mweupe chini ya kikasha. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi chumvi zote, kwa hiyo ukikosa ya kutoneshwa usiku mmoja, ya kuchemshwa na kupozwa yanakuvusha. Tafadhali sana, usitie kinachoitwa maji ya betri. Mengine yanayoitwa hivyo ni tindikali, na kwa macho hayatofautiani na maji. Wala usitie manukato, mafuta ya mikaratusi au dawa ya kufungua pua; utayavuta mapafuni saa nane mfululizo.

Ukoko ukishaingia, changanya siki nyeupe sehemu 1 na maji sehemu 3, loweka kikasha nusu saa, suuza mpaka harufu iishe. Mwongozo wa mashine yako ukitaja kipimo tofauti, fuata huo. Na kamwe usiisafirishe mashine, wala kuihamisha kutoka meza moja hadi nyingine, ikiwa na maji ndani. Yakimwagikia injini umeipoteza. Iweke chini kidogo ya usawa wa kichwa chako, ili matone yanayoganda ndani ya bomba yarudi kwenye kikasha badala ya kukujia puani.

Vichujio

Nyuma au ubavuni mwa mashine kuna kichujio cha hewa inayoingia. Kile cheupe chembamba hakioshwi. Maji yanaharibu nyuzi zake, kinatupwa. Kile cha sponji kinaoshwa kwa sabuni, kinasuuzwa, kinabanwa kwenye kitambaa, na kinarudi kikiwa kikavu kabisa. Wengi huambiwa wabadilishe cheupe kila mwezi. Changu, kwa vumbi la vitambaa ninalofanyia kazi, kinakuwa kijivu ndani ya wiki mbili, basi naangalia rangi, sihesabu tarehe. Mashine isiegemee pazia wala shuka. Kila unapofuta mwili wake, chomoa umeme kwanza.

Visivyofaa

Spiriti, blichi, amonia na dawa za kusafishia sakafu zinaigandisha silikoni na kuipasua plastiki ngumu kwa nyufa ndogondogo, na masalio yake unayavuta. Siki ni ya kikasha, haina kazi kwenye ukingo. Mashine ya kuoshea vyombo ina joto na sabuni kali mno.

Kuna pia visanduku vinavyouzwa kwa ahadi ya kusafisha maski bila maji, kwa gesi ya ozoni au mwanga wa urujuanimno. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu yake Februari 2020, kwamba hadi wakati huo ilikuwa haijaviidhinisha kwa kazi hiyo na kwamba ozoni inaweza kuwasha njia ya hewa na mwanga unaweza kuunguza macho na ngozi. Mwenye pumu akae navyo mbali kabisa. Na hata tukiacha hatari, mwanga haupindi kona za bomba, na gesi haiondoi mafuta. Mafuta yanataka sabuni na vidole.

Ukishikwa na mafua, osha ukingo, bomba na kikasha kila siku mpaka upone, kisha weka kichujio kipya. Maski ya mtu mwingine usiivae, hata ya ndugu aliyepona au kufariki na mkaona ni hasara kuitupa. Uso wake umekwisha kuingia kwenye silikoni ile.

Kuivaa tena, na kujua imefika mwisho

Usipime mikanda ukiwa umeketi. Uso unabadilika ukilala: mashavu yanashuka pembeni, taya linarudi nyuma. Lala kwa mkao wako wa kawaida, washa hewa, kisha ivute maski mbele kidogo kutoka usoni na uirudishe taratibu, ile kuta ya nje ijae hewa na kujipanga yenyewe. Vidole viwili viweze kupita chini ya mkanda wa shavuni.

Ukingo wangu unadumu miezi miwili, wakati mwingine mitatu. Wapo wanaobadilisha kila mwezi kwa sababu ngozi zao zina mafuta zaidi. Mikanda na kikasha navipa kama miezi sita, bomba na fremu hukaguliwa kila miezi mitatu. Ukingo naunyanyua mbele ya dirisha: nikiona njano isiyotoka, ufa mdogo kwenye mkunjo, au ule ukuta mwembamba umebaki umekunjamana hata baada ya kukauka, nautoa.

Usiku ule baada ya kliniki nililegeza mikanda yote, nikaosha maski kwa sabuni ya vyombo, nikanawa uso mara mbili. Kwenye kioo cha mashine, asubuhi, alama ya uvujaji ilikuwa imetoweka, na kidonda cha puani kilifunga baada ya siku tisa.